Sura ya Sita: Spea Gani kwa Mteremko wa Nithi?

Ukitoka Meru mjini kwenda Embu, barabara haikupi nafasi ya kutulia. Inakata migongo ya Mlima Kenya upande wa mashariki, na kati ya mgongo na mgongo kuna mto unaoshuka kutoka msituni: Mutonga, Nithi, Thuci na mingine midogo. Gari hupanda, hushuka hadi darajani, hukata kona, kisha huanza kupanda tena. Nkubu, Igoji, Chuka, Runyenjes: toka mji mmoja hadi mwingine, kazi ni hiyo hiyo. Dereva wa Nairobi kwenda Thika anaweza kumaliza siku nzima bila breki zake kupata moto wa kutisha. Wa huku hana bahati hiyo.

Nimeanza na barabara kwa sababu swali la sura hii haliwezi kujibiwa na bei iliyobandikwa dukani. Tununue spea ya bei nafuu, au tulipe zaidi tupate yenye ubora? Wengi hulimaliza swali hilo kwenye kaunta. Muuzaji anasema, "Bosi, iko ya elfu moja mia tano, na iko ya elfu nne. Nikupatie gani?" Mteja anapapasa mfuko, anapima tofauti, anachukua ile ya kwanza. Ndani ya dakika mbili amefanya uamuzi atakaoishi nao miezi kadhaa.

Mimi naamini kuna swali linalopaswa kutangulia bei. Spea hii ikiharibika, itaharibikia wapi, na itaharibu nini na nani pamoja nayo? Ukilijibu hilo kwanza, utajua mahali pa kubana shilingi na mahali pa kuitoa bila kunung'unika.

Joto la mteremko

Chukua matatu ya abiria 14, iliyojaa watu na mizigo, yenye uzito wa tani 3 hivi. Ikishuka bonde lenye kina cha mita 100, nguvu yote iliyotumika kuipandisha huko juu lazima iende mahali. Dereva akiishikilia kwa breki peke yake, nguvu hiyo hugeuka kuwa joto, na joto lenyewe linatosha kuchemsha karibu lita 9 za maji baridi. Sehemu kubwa ya joto hilo inaingia kwenye diski na pedi za mbele, na pedi yenyewe ni kipande cha chuma na mchanganyiko wa msuguano kinachotosha kiganjani. Mbele bado kuna bonde lingine.

Pedi nzuri imetengenezwa ikijua hivyo. Gundi inayoshikilia mchanganyiko wake huvumilia joto, na mshiko wake haupungui sana moto unapopanda. Pedi duni hushika vizuri asubuhi sokoni, ambako dereva anaijaribu kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa na kuridhika. Ni chini ya mteremko, ikishapata moto, ndipo inapoanza kuteleza juu ya diski. Dereva anakanyaga, gari halipungui mwendo inavyotakiwa, anakanyaga zaidi, joto linazidi.

Mafuta ya breki nayo yana mpaka wake. DOT 3 mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini mafuta haya hunyonya unyevu kutoka hewani, na yakishanyonya kiasi fulani kiwango kinachodaiwa hushuka hadi nyuzi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Yakichemka, mapovu huingia kwenye mirija na pedali huzama hadi sakafuni. Mtu anaweza kununua pedi bora kabisa kisha akaziacha na mafuta ya miaka mingi, akashangaa breki zimemwacha.

Wakazi wa Tharaka-Nithi hawahitaji kuelezwa mambo haya. Tarehe 24 Julai 2022, basi lililotoka Meru liliacha barabara kwenye Daraja la Nithi na kutumbukia bondeni. Zaidi ya watu 30 walikufa. Lawama zilielekezwa kwa breki na kwa muundo wa barabara yenyewe, mteremko mkali unaoishia kwenye kona na daraja. Si ajali ya kwanza mahali pale. Raia hawezi kuinyoosha kona ile kwa mikono yake, hiyo ni kazi ya serikali. Kilicho mikononi mwake ni hali ya gari linalofika pale, na gia anayoingiza kabla ya kuanza kushuka, maana hakuna pedi ya bei yoyote inayoweza kuchukua nafasi ya gia nzito.

Nani alitengeneza kilicho ndani ya boksi?

Kosa linalowagharimu wengi ni kudhani kuna aina mbili tu za spea: ya kampuni ya gari, ghali, na nyingine zote, rahisi. Kwa kweli ngazi ni nne, na aliyezifahamu anaweza kupata ubora bila kulipa bei ya juu kabisa.

Ngazi ya kwanza ni spea iliyo katika boksi la kampuni ya gari. Ya pili ni ya kiwanda kilichoitengenezea kampuni ya gari spea hiyo tangu mwanzo. Toyota haitengenezi kila kitu chake. Denso na Aisin, zote za mji wa Kariya huko Japani, huiuzia plagi, alteneta, pampu za maji na klachi. Shoki nyingi hutoka KYB, ambayo wazee wetu waliizoea kwa jina la Kayaba. Breki hutoka kwa kampuni kama Advics na Akebono, beringi kwa Koyo, NSK na NTN. Mara nyingi kitu kile kile huuzwa katika boksi la kiwanda chake kwa bei ya chini kuliko kikiwa katika boksi la kampuni ya gari. Tofauti unayolipia huwa ni ya jina lililo juu ya karatasi.

Ngazi ya tatu ni viwanda ambavyo huenda havikuuza kitu kwa kampuni ya gari lako lakini vina jina vinalolilinda, kama 555 ya Japani ambayo kila fundi wa gereji zetu anaijua kwa boljointi na tairodi. Ya nne ni spea isiyo na mwenyewe: boksi jeupe, au jina ambalo hujawahi kulisikia na hutalisikia tena mwaka ujao. Zipo nzuri humo, ila hakuna anayekuhakikishia, na boksi la leo si lazima lifanane na la mwezi ujao.

Nje ya ngazi hizi zote kuna feki. Yule wa ngazi ya nne anakuuzia kitu rahisi na kukuambia ni rahisi, kwa hiyo unajua unachocheza nacho. Wa feki anakuuzia kitu rahisi kwa bei ya kitu bora, na anakunyima hata nafasi ya kuchagua. Mwenye gari aliyejinyima ili alipie pedi za shilingi 4,000, akapewa za 1,000 katika boksi la kuigiza, ameibiwa pesa na usalama kwa pigo moja.

Pedi mkononi

Kabla hujalipa, toa pedi ndani ya boksi uishike. Angalia ukingoni, pale mchanganyiko mweusi unapokutana na bamba la chuma. Panatakiwa pawe pamebana kila upande, pasipo na ufa wala mwanya unaoweza kuingiza ukucha, kwa sababu pedi mbaya kuliko zote si ile inayoisha haraka bali ile inayobanduka kutoka kwenye bamba lake ikiwa moto. Pitisha kidole juu ya uso: chembe kubwa za chuma zinazokwaruza zitakwaruza na diski pia. Linganisha pedi zote nne. Zikitofautiana unene au rangi, zirudishe.

Kisha soma maandishi ya nyuma au ya ukingoni. Katika pedi nyingi utakuta herufi mbili zilizofuatana, kama EE, FF au GG. Ya kwanza inaeleza mshiko kwenye joto la kawaida, ya pili mshiko kwenye joto kali. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, na G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa barabara ya Embu na Meru, herufi ya pili ndiyo ya kukaziwa macho. Pedi ya FE inakuambia mapema kwamba ikipata moto itapunguza mshiko. Herufi hizi hazisemi pedi itadumu muda gani, wala hazisemi kama gundi yake ni imara, lakini ni habari iliyoandikwa bure na wateja wengi hawaisomi.

Alama nyingine ni herufi E ndani ya duara, ikifuatwa na namba yenye 90R. Hiyo ni kanuni ya Umoja wa Mataifa ya pedi za kubadilishia, inayodai kwamba utendaji wake usitofautiane na wa pedi ya asili kwa zaidi ya asilimia 15. Si kila pedi nzuri ina alama hiyo, na alama yoyote inaweza kuigwa. Ila ikiwa juu ya pedi ya kiwanda kinachojulikana, kutoka duka linalotoa risiti, ina uzito.

Hesabu ya kilomita

Sasa turudi kwenye pesa, maana hakuna anayenunua spea kwa hisani. Tufanye hesabu ya mfano, nawe uweke bei za dukani kwenu.

Tuseme pedi za shilingi 1,500 zinadumu kilomita 10,000, na fundi anadai 1,000 kila anapozifunga. Kila kilomita imekugharimu senti 25. Pedi za shilingi 4,000 zikidumu kilomita 40,000 kwa malipo yale yale ya fundi, kila kilomita ni senti 12 na nusu. Katika kilomita 40,000 aliyenunua rahisi ametumia shilingi 10,000, mwenzake 5,000. Na ikiwa ni gari la biashara, wa kwanza amesimamisha kazi mara nne, wa pili mara moja.

Hesabu hiyo hiyo inaweza kuzikataa zile za bei ghali. Katika mfano huu pedi za 4,000 lazima zidumu angalau mara mbili ya zile za 1,500, la sivyo kwa upande wa pesa zimeshindwa. Ndiyo maana ninasisitiza daftari. Andika tarehe, kilomita zilizosomeka kwenye mita, jina la spea na bei. Baada ya mwaka hutahitaji maneno ya muuzaji, ya fundi wala ya kitabu hiki. Gari lako, kwenye barabara yako, litakuwa limekupa jibu.

Pa kubana na pa kufungua mfuko

Kuna spea ambazo kuharibika kwake hakumuumizi mtu na hakuharibu kingine: bampa, kava la kioo cha pembeni, kishikio cha mlango, kioo cha taa ya nyuma, zulia. Hapa ya ngazi ya nne inatosha kabisa. Anayekushauri ununue bampa la boksi la kampuni kwa Probox inayobeba ndizi na viazi kutoka shambani hakutakii mema. Ila balbu inunue nzuri kidogo ukisafiri usiku, na taa za breki zikague kila asubuhi.

Kundi la pili ni spea ndogo zinazoua kubwa. Filta ya oili ndiyo mfano wa wazi. Kwa nje zote ni mkebe uliopakwa rangi. Kwa ndani, nzuri ina karatasi iliyokunjwa kwa wingi na kwa usawa, vali inayozuia oili isirudi chini gari likizimwa, na vali nyingine inayopitisha oili hata karatasi ikiziba ili injini isikauke. Katika ile duni vali inaweza kuwa dhaifu, na karatasi ikawa chache au ikachanika. Unaokoa mia chache na kuhatarisha injini ya makumi ya maelfu.

Taiming belti ni ya kundi hili pia. Toyota nyingi za dizeli, zikiwemo Hilux za zamani, huwasha taa ya T-BELT kila kilomita 100,000 kumkumbusha mwenye gari. Katika injini hizi belti ikikatika, pistoni na vali hugongana, na gharama haihesabiki tena kwa bei ya mkanda. Badilisha belti pamoja na puli yake, na ununue za kiwanda kinachojulikana. Probox za injini ya 1NZ hutumia cheni badala ya belti, kwa hiyo zake ni kubadilishiwa oili safi kwa wakati.

Kundi la tatu ni spea ambazo kuharibika kwake kunamfikia mwanadamu: pedi na shuu za breki, mipira ya silinda za breki na paipu zake, boljointi, tairodi, beringi za magurudumu, matairi. Tazama boljointi ya chini. Ni kichwa cha duara cha chuma ndani ya kikombe, chenye grisi, kikifunikwa na mpira wa kuzuia vumbi. Barabara za murram zinazopanda kwenye viwanda vya majani chai vya Mungania, Rukuriri, Weru au Kinoro huiponda kila siku, na mvua za Machi hadi Mei huitia matope. Mpira duni ukipasuka, maji na mchanga huingia, grisi hutoka, na kichwa huanza kucheza. Siku kikichomoka, gurudumu hulalia upande na dereva hana tena usukani. Hapa usishuke chini ya ngazi ya tatu, hata kama gari ni kuukuu kiasi gani, kwa sababu abiria aliyepanda hakuuliza umri wa gari lako.

Madereva wa Hilux zinazotoka Maua na Muringene na miraa wanayajua haya kuliko wengi. Mzigo wao hupoteza thamani kadiri saa zinavyopita, kwa hiyo hukimbia, na breki zao hufanya kazi ambayo mtengenezaji hakuikusudia kuwa ya kila siku. Wenye muguka kutoka Mbeere wako hivyo hivyo. Kwa mwendo ule, kuokoa shilingi 2,000 kwenye breki ni kuweka dau ambalo wengine watalipa: mama anayevuka barabara Chuka, mwanafunzi kwenye bodaboda Runyenjes.

Mtumba wa Japani

Kiwango cha Kenya, KS 1515, hakiruhusu gari lililotumika kuingia Kenya likiwa na zaidi ya miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Matokeo yake ni kwamba magari mengi tunayoyapokea yamekaribia umri huo, na mipira yake ya bushi imeshachoka kabla ya kuonja murram yetu. Ukinunua gari, tenga pesa za bushi tangu siku ya kwanza.

Kuhusu spea zilizotolewa kwenye magari ya Japani, kanuni yangu ni rahisi. Chuma na bodi, chukua: mlango, boneti, gia boksi, alteneta, hata injini iliyokaguliwa. Mara nyingi kitu halisi kilichotumika hushinda kipya cha kuigiza. Mpira, mkanda na kitu cha msuguano, acha. Hivi huzeeka hata vikikaa rafuni, na hujui vimekaa kwa muda gani.

Kununua bila kudanganywa

Nenda dukani na namba ya chasi, iliyo kwenye logibuku. Probox nyingi za awali huanza na NCP51, na namba kamili humwezesha muuzaji kupata namba ya spea yenyewe. Filta ya oili ya Toyota, kwa mfano, inaweza kuwa 90915-YZZE1. Ukiwa na namba hiyo unaweza kuuliza bei Embu, Meru na hata Grogan kule Nairobi, ukijua mnazungumzia kitu kimoja.

Ukimtuma fundi, mlipe kazi yake waziwazi. Fundi anayelipwa kidogo hujitafutia cha juu kwenye spea, na cha juu hupatikana kwa urahisi zaidi kwenye boksi la kuigiza. Mwambie akurudishie spea ya zamani pamoja na boksi jipya, na ulichane. Boksi zima la jina kubwa ni mali kwa mwenye nia mbaya.

Dai risiti yenye jina la spea. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya 2008 inamfanya muuza feki kuwa mhalifu, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakupa haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili. Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Milango hiyo yote humfaa zaidi mwenye karatasi mkononi.

Mfuko usipotosha

Najua kuna msomaji ambaye amekubali kila neno na bado kesho atanunua ya 1,500. Si mjinga. Leo jioni lazima apeleke hesabu kwa mwenye gari, mafuta yamepanda, na shilingi 4,000 hana. Kumhubiria ubora mtu wa namna hiyo bila kumwonyesha njia ni kumwonea.

Njia ya kwanza ni ya mpangilio. Usigawe pesa kidogo kwa kila spea. Acha bampa lililopasuka, acha redio, nunua breki nzuri, mafuta mapya ya breki na boljointi. Gari linaweza kuwa baya kwa sura na salama kwa safari.

Njia ya pili inazidi uwezo wa mtu mmoja, na ndiyo ninayoiamini zaidi. Matatu zetu nyingi ziko chini ya sacco. Sacco inayokusanya akiba za wanachama na kuwakopesha kununua magari inaweza pia kununua pedi, filta na boljointi kwa makatoni, moja kwa moja kwa wakala wa kiwanda, ikazikata kwa mwanachama kidogo kidogo kila siku. Bei hushuka kwa sababu ya wingi, feki hukosa mlango wa kupitia, na daftari la sacco huonyesha pedi ipi ilidumu kwenye miteremko ya Mutonga, Nithi na Thuci. Yule wa 1,500 anapata ya 4,000 bila kuzitoa zote kwa mkupuo.

Katika mkutano wenu mkuu ujao, kabla ya kujadili rangi za magari na posho za viongozi, pendekezeni hilo liwe ajenda ya kwanza.